Wembe wa Mtoto wa Kwanza

Baba mkwe wangu, Mzee Alute, alifariki alfajiri. Jua lilipopanda kidogo, wifi yangu Joyce alikuwa ameshafika kutoka Singida mjini na ameshaniondoa jikoni.

Hakunifukuza kwa kelele. Joyce hatumii kelele anapofanya jambo baya. Anaziweka akiba kwa ajili ya kulia. Alishuka garini, akalia mlangoni kwa marehemu kwa sauti iliyofika mpaka shuleni, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga bila kugusa wanja, kisha akazunguka nyuma ya nyumba nilikokuwa nachochea moto. Hakutazama moto wala sufuria. Alitazama kichwa changu, pale kitambaa kilipokuwa kimerudi nyuma kidogo.

"Shikamoo wifi," nilisema. "Pole na safari. Pole kwa kufiwa."

"Marahaba. Mama Calist, wewe pumzika. Wanawake wako wengi. Kakae na watoto."

"Maji yameshachemka. Nimebakiza kutia unga tu."

"Nimesema pumzika. Watu wanatoka mbali, hatutaki maneno."

Hayo maneno asiyoyataka aliyatengeneza mwenyewe dukani kwake mjini, akayatuma huku kijijini kwetu, Mungaa, kwa midomo ya wateja wake. Yalisema kwamba mke wa Philipo ana kipara kwa sababu ana ule ugonjwa. Asubuhi ile yaliongezewa kwamba amekuwa akimpikia mzee na kumlisha kwa mkono, na angalia sasa, mzee amekufa. Siku ileile jirani yangu Martha alikuja mbio kuniongezea yaliyobaki, akiwa na ile furaha ndogo ya mtu aliyebeba habari nzito: baada ya matanga ukoo utakaa kikao, mimi nirudishwe kwetu Kintinku nikauguzwe na ndugu zangu, na watoto wabaki kwa baba yao.

"Anasema kila mtu atakiona hicho kichwa," Martha alisema. "Anasema kichwa ndicho kitakachotoa ushahidi."

Mimi si mwepesi wa kumhukumu mtu. Huwa napima kwanza, nasubiri, napima tena. Joyce nilimpima kwa miaka mingi, na kila mara nilimwongezea uzito ambao hakuwa nao.

Yeye ndiye aliyenisuka siku ya harusi yangu. Alinikalisha chini katikati ya magoti yake, akavuta nywele mpaka macho yangu yakapanda juu na ngozi ya paji ikatoa vipele. Nilipoguna alinigonga bega kwa kitana. "Nyie Wagogo mna vichwa vya kitoto. Ukitaka kupendeza, tulia." Nikatulia. Nilitulia miaka na miaka. Kila alipokuja kijijini alikuja na rasta, na kila aliponisuka nililala nimeegemea ukuta, kwa kuwa kichwa hakikuweza kugusa mto. Rasta zikifumuliwa anapaka dawa ya kulainisha nywele, anaiacha mpaka inaunguza, anasema ikiunguza ndiyo inafanya kazi. Juu ya vidonda anasuka tena.

Nywele zilianza kukimbia kando ya masikio. Halafu zikakimbia mbele. Joyce akaniuzia chupa yenye picha ya mwanamke wa nchi za mbali, nywele zimemfika kiunoni. Chupa ilipokwisha na paji likazidi kupanda, alisema kichwa changu ni kibishi, akaniuzia chupa kubwa zaidi.

Wengine nao hawakukosa ushauri. Martha alisema nisage vitunguu nipake maji yake. Nilipaka, na kanisani benchi langu likawa na nafasi tele. Mtu wa Itigi alinisifia asali ya nyuki wadogo. Nilipaka, nikaamka na sisimizi. Muuza dawa wa mnadani, yule mwenye kipaza sauti na turubai la buluu, alisema unga wake unaondoa upara, bawasiri na wivu wa mke mwenza. Huyo angalau alinichekesha.

Mwishowe nilikwenda hospitali mjini, kwa daktari wa ngozi, na Philipo nikamlazimisha tuongozane. Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye sauti ya chini. Alinigeuza kuelekea dirishani, akanichunguza kwa kioo cha kukuzia, akaniuliza kuhusu uzazi, homa, hedhi na dawa ninazomeza. Akaagiza damu ipimwe, kama imepungua, kama tezi la shingo lina kasoro, na ule ugonjwa pia. Philipo naye alipimwa. Tulikaa benchi moja, tukasomewa majibu pamoja. Hatukuwa nao, si mimi wala yeye.

"Nywele zako hazikuanguka, mama," daktari alisema. "Ziling'olewa. Polepole, kwa miaka." Akagusa mahali palipokuwa laini na kung'aa. "Hapa mizizi imekufa, ngozi imekuwa kovu. Hapatarudi, na usinunue chupa ya mtu yeyote atakayekuambia patarudi. Lakini hapa, unapoona vinywele hivi vidogo, bado pako hai. Ukiacha kuvuta, patajaa."

Alinidunga sindano ndogondogo pembeni mwa paji, akanipa dawa ya kupaka, akanikataza kusuka, kubandika na kulainisha. Nilipomuuliza kama ndivyo ilivyo kwa kila mtu, alisema hapana. Wapo wanaopukutika baada ya kujifungua na nywele hurudi zenyewe. Wapo wenye mapunye, ambayo hutaka vidonge, hayaponi kwa mafuta. Wapo wanaotoka mabaka ya mviringo kama sarafu kwa sababu mwili unajipiga wenyewe. Ndiyo maana kichwa kiangaliwe kwanza, dawa ifuate.

"Na mimi je?" Philipo aliuliza, akavua kofia. Utosi wake umekuwa wazi tangu ujana.

"Wako ni wa kurithi. Huenda umetoka kwa baba, huenda kwa mama. Zipo dawa za kupunguza kasi ukiwahi. Wewe hukuwahi."

Philipo alifurahi sana. Njia nzima ya kurudi alisema upara wa mwanaume ni dalili ya busara. Vipara viwili vilikaa kiti kimoja cha basi. Kimoja kilikuwa heshima, kingine kilikuwa cha kufunikwa.

Niliporudi niliwaambia wanawake wa kwaya yale niliyoambiwa, bila kumtaja mtu. Wengine walifumua rasta wiki ileile. Wengine wakaacha kwenda mjini kwa Joyce kubandikwa nywele kwa gundi. Hilo ndilo jambo pekee nililowahi kumfanyia Joyce, na muda si mrefu yakaja yale maneno kwamba naoza.

Tulimzika mzee. Wanawake waliokula ugali wangu kwa miaka walinipita wakiwa na sahani mikononi kama mtu anavyopita mbwa aliyelala. Mmoja alinivuta kando kunieleza kwamba yeye binafsi hana tatizo na mimi, ila ana watoto. Nilimjibu kwamba hata ningekuwa na ugonjwa huo, haupandi kwenye ugali. Aliitikia kwa kichwa, akaenda kunawa mikono.

Wao niliwaelewa. Hawakujua. Lakini Philipo alijua. Sentensi moja tu kutoka kwake ingemaliza kila kitu, na nilimfuata nyuma ya ghala kuiomba.

"Waambie tulipimwa," nilisema. "Waambie tulisomewa majibu pamoja."

"Subiri kikao."

"Kwenye kikao utasema?"

Alichezea kofia. "Unamjua dada. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni, mama Calist. Nikimwumbua mbele za watu, nitaonekanaje?"

"Na mimi nikirudishwa Kintinku, utaonekanaje?"

"Tutatafuta njia," alisema, akavaa kofia. Ni mtu mzima, ana mashamba na ng'ombe, anajua kusoma mbingu na kukisia mvua. Na alikuwa bado yuko mgongoni kwa dada yake.

Ukoo ulipokaa kupanga namna ya kuanua matanga, katekista alitoa wazo. Alisema siku hizi familia nyingi zinafanya sala, kila mtu anakatwa nywele kidogo mbele kama ishara, inatosha. Wazee walikubali upesi, maana alizeti zilikuwa zimekomaa na ndege hawana msiba. Nilishukuru moyoni. Nilifikiri kitambaa changu kimepona.

Joyce akasimama. Alikuwa amejifunga kanga kichwani na begani, lakini wigi lake lilitokeza kwa chini, limelala mabegani, jeusi lenye ncha za rangi ya maroni.

"Baba alikuwa mtu wa mila," alisema. "Hatuwezi kumwanulia tanga kama mgeni. Ninyi mnataka kufupisha kwa sababu mna haraka. Mimi ni mwanawe, nasema tunyoe. Wote wavue, wake wa nyumba hii wote, pale kwenye mlango wa zizi, watu wakiona. Asiye na cha kuficha ataogopa nini?"

Hakunitazama. Hakuwa na haja, kwa sababu wote waliobaki walinitazama.

Mwenye kunyoa katika ukoo ule ni shangazi Damari, dada wa marehemu, mwanamke mkavu mwenye vidole virefu. Alikuwa akinusa ugoro wake. Aliinua macho kwa Joyce.

"Mila yote?" aliuliza.

"Yote, shangazi."

"Bila kupunguza?"

"Hata kidogo."

"Haya. Umesema mwenyewe mbele za watu." Akafunga kopo la ugoro. "Kila mtu aje na wembe wake mpya. Siku hizi hatuchangii."

Niliona wazee wawili wakiangaliana, mmoja akainamisha uso kama mtu anayetafuta kitu mchangani. Sikuelewa. Mimi ni Mgogo. Mila za kwao nimezijua kwa kupewa kazi, si kwa kufundishwa. Joyce naye alizijua kama mtu wa mjini anavyozijua, kwa kukumbuka msiba mmoja alioushuhudia akiwa mtoto. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilijua kuwa sijui.

Siku ya kunyoa upepo ulivuma tangu asubuhi. Upepo wa huku huchukua chochote ambacho hakikufungwa. Kigoda kiliwekwa penye mlango wa zizi, kando yake shimo dogo lililochimbwa kwa ajili ya nywele, maana nywele za ukoo hufukiwa pamoja. Wanaume walikaa upande mmoja, wanawake upande mwingine. Wake wa nyumba tulikuwa mstari wa mwisho. Mkononi nilishika wembe wangu ndani ya karatasi yake, na kitambaa nilikifunga mafundo mawili, kama mafundo yangenisaidia. Calist wangu alikuwa amekaa na wajukuu wengine. Niliwaza kwamba leo mwanangu atasikia watu wakimcheka mama yake, na jioni atakaa kumsikiliza baba yake akinyamaza.

"Joyce," shangazi Damari aliita.

Joyce alileta beseni la maji, kwa mwendo wa mwenye shughuli. Akaliweka, akageuka kurudi.

"Sikuita beseni. Kaa."

"Mimi?"

"Kuna Joyce mwingine?"

Joyce alicheka kidogo. "Shangazi, mimi nimeolewa. Binti aliyeolewa anagusishwa wembe nyuma ya sikio, basi. Nilimwona shangazi Ritha alipofariki bibi."

"Ritha alizaliwa wa nne. Aliyeolewa anagusishwa, ndiyo. Lakini mtoto wa kwanza ndiye anayefungua wembe. Awe ameolewa Ikungi, awe ameolewa Ulaya. Kichwa cha kwanza kisiponyolewa hakinyolewi kingine, na visiponyolewa tanga halijaanuliwa, na tanga lisipoanuliwa hakuna mtu wa ukoo atakayetoka kwenye boma hili."

"Na ndege wanamaliza alizeti zangu," sauti ya mzee mmoja ilisema kutoka nyuma. Watu wakacheka.

Joyce aliacha kucheka. "Lakini katekista alisema sala inatosha. Kwa nini tusimsikilize mtumishi wa Mungu?"

Katekista alikohoa. "Mimi nilishasema, mama. Nikaambiwa nina haraka."

"Kichwa kinaniuma. Nina mafua. Upepo wenyewe huu..."

"Upepo ni wa wote," shangazi alisema. "Joyce, usitufanye watoto. Sisi tulitaka kupunguza, ukakataa. Ukasema mila yote. Ukasema asiye na cha kuficha ataogopa nini. Kaa."

Joyce alimtazama Philipo. Philipo alikuwa anatazama viatu vyake. Angalau katika hilo hakubagua. Joyce akakaa.

Kanga ilifunguliwa. Wigi likabaki, zuri, linang'aa, linapepea. Shangazi Damari alilishika kwa mbele akajaribu kulivua. Halikutoka. Ngozi ya paji ilipanda pamoja nalo.

"Hizi zimeota wapi?" aliuliza.

"Polepole, shangazi. Kuna gundi."

"Leteni maji ya moto."

Ilichukua muda. Shangazi alilowesha, akabandua kidogo, akalowesha tena, kama mtu anayechuna ngozi ya mbuzi asitake kuitoboa. Joyce alifumba macho na kuuma midomo. Wigi lilipotoka lote, hakuna aliyecheka. Kutoka sikio hadi sikio kichwa chake kilikuwa kitupu, kinang'aa kama sahani. Palipobandikwa gundi palikuwa na vidonda vibichi, vingine vinatoa maji. Kwa nyuma mistari michache ya msuko wa twende kilioni, myembamba kama uzi wa kushonea, ilikuwa bado imeshikilia.

Kilikuwa kichwa changu, ila changu cha miaka mitano ijayo kama nisingekwenda kwa daktari.

"Yesu wangu," Martha alisema.

Shangazi Damari aliinama, akamuuliza kwa upole sana, lakini mahali palikuwa kimya na kila mtu alisikia.

"Mwanangu. Na wewe una ule ugonjwa?"

"Hapana!" Joyce aliinuka nusu kutoka kwenye kigoda. "Shangazi, hapana! Ni gundi. Ni gundi tu, na kuvuta. Ukivuta miaka mingi zinang'oka, hazirudi. Si ugonjwa. Mtu yeyote wa saluni anajua. Si ugonjwa!"

"Ahaa," shangazi alisema. "Kumbe ni kuvuta."

"Ni kuvuta!"

"Na kumbe ulikuwa unajua."

Shangazi alifungua wembe wa Joyce, akaanza kunyoa, akizunguka vidonda kwa uangalifu. Nilimtazama Joyce na nikajikuta natafuta huruma ndani yangu, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea kufanya. Nilitafuta kwa uaminifu. Nilikuta tu kwamba nimechoka kumwongezea uzito. Alijua kichwa changu kina nini, alijua kwa sababu alikuwa nacho, alikivaa chini ya wigi kila siku, na akakitumia kutaka kunifukuza nyumbani kwangu.

Shangazi alikusanya nywele chache zilizonyolewa akazitia shimoni. Kisha akaokota wigi, akalipima mkononi.

"Hili haliingii. Hatuwezi kufukia nywele za ukoo na za mtu tusiyemjua. Pengine na huyo mwenyewe bado anaomboleza kwao." Akalitupa juu ya uzio wa zizi. Liliangukia kwenye miiba, upepo ukalipeperusha, na ng'ombe mmoja akarudi nyuma.

Hapo watu walicheka. Walicheka kwa moyo wote, midomo ileile iliyokataa ugali wangu, na wengine walinigeukia ili nicheke nao, kama vile tulikuwa upande mmoja siku zote. Sikuwapa hata meno.

Zamu yangu ilipofika nilifungua mafundo mwenyewe. Shangazi alipitisha kidole pembeni mwa paji, pale daktari aliponidunga.

"Zako zinarudi," alisema.

"Baadhi."

"Umefanyaje?"

"Nimeacha."

Alinyoa. Wembe wake ni mwepesi. Niliposimama, upepo ulinipiga kichwani pote kwa mara ya kwanza tangu niolewe, na sikuona kitu chochote cha kukimbilia kufunika.

Kikao hakikufanyika. Mzee Simoni, msemaji wa ukoo, aliyekuwa ameshaandaliwa maneno ya kunirudisha Kintinku, alisimama akasema hakuna ajenda, watu wakavune. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu aliyetoa uamuzi wa busara. Kisha akaniita kwa jina la mwanangu, akaniuliza kama chakula kiko tayari.

"Niliambiwa nipumzike, baba," nilisema.

"Ah, hayo yameisha."

"Mimi bado napumzika."

Nikaenda kukaa chini ya kivuli cha ghala. Wanawake walipika wenyewe. Ugali ulikuwa na madonge, mlenda uliungua, na kila mtu alikula akisifu.

Philipo alinifuata na sahani. Alikuwa amenyolewa, lakini kwake tofauti ilikuwa ndogo.

"Mimi nilijua tangu mwanzo kwamba itaisha vizuri," alisema.

"Ndiyo. Ulijua."

"Umekasirika?"

Nilimtazama. Nilikuwa nimeogopa kurudishwa kwetu na kumwacha mtu huyu. Sasa nilikuwa nabaki naye. "Kula," nilimwambia. "Ugali unapoa."

Joyce alikuja jioni, watu walipopungua. Alikuwa amejifunika kanga mpaka kwenye nyusi. Alisimama mbele yangu akitazama pembeni.

"Huyo daktari," alisema. "Anapatikana siku zipi?"

Nilimweleza yote, taratibu, kwa mpangilio. Siku za kliniki. Mlango wa kuingilia. Kwamba vidonda vitibiwe kwanza kabla ya kitu kingine. Kwamba gundi iishe, dawa ya kulainisha iishe, kusuka kuishe. Kwamba palipong'aa hapatarudi, na asinunue chupa ya mtu yeyote, hata za dukani kwake. Nilimwambia ukweli wote kwa sababu ukweli haukunipunguzia kitu. Hakuniomba radhi, na sikungoja aombe.

"Asante wifi," alisema.

"Haya."

Alipokuwa anaondoka alipita kwenye zizi. Alidhani hakuna anayemwona. Alinyoosha mkono, akalinyofoa wigi kwenye miiba, akalikung'uta vumbi na mavi makavu ya ng'ombe, akalikunja, akalitia kwenye pochi yake.

Msimu wa alizeti ulipokwisha nilikwenda mjini kliniki. Nywele zangu zilikuwa fupi, zimejaa pembeni kuliko zamani. Katikati ya paji pamebaki wazi na patabaki hivyo. Njia ya kwenda hospitali inapita dukani kwa Joyce, na mlango ulikuwa wazi. Mbele, juu ya kichwa cha plastiki, lilikuwa limetundikwa wigi jeusi lenye ncha za rangi ya maroni, limeoshwa, limechanwa, linang'aa. Msichana mmoja alikuwa akilishikashika.

"Mpya kabisa hiyo, mdogo wangu," Joyce alikuwa anasema. Alikuwa na kilemba kikubwa cha hariri. "Imeingia wiki hii. Haijagusa kichwa cha mtu."

"Shikamoo wifi," nilisema.

Aligeuka. Tabasamu lilibaki mdomoni, ila macho yalilikimbia. "Marahaba. Karibu, mama Calist. Hujambo?"

"Sijambo. Napita tu, nakwenda kwa daktari. Wewe hukwenda?"

"Nafasi, wifi. Biashara hii."

Nilisogea kwenye kile kichwa cha plastiki. Sikuwa na hakika, na mimi sipendi kusema kitu bila hakika, kwa hiyo niliingiza vidole kwa nyuma, karibu na mshono, nikapapasa. Ulikuwapo. Nilivuta polepole mpaka ukatoka, mweupe, mrefu, mgumu, na nikauweka juu ya kioo cha kaunta.

"Mwiba wa zizi la baba," nilisema. "Ulikuja nao kwa bahati mbaya."

Msichana aliutazama mwiba, akalitazama wigi, akakitazama kilemba cha Joyce. Mkono wake ulitoka kwenye nywele zile taratibu, kama mtu aliyeshika kitu chenye joto.

Sikungoja kusikia Joyce atasema nini. Nilitoka nje. Upepo ulikuwa unavuma barabarani, wanawake wameshika vichwa vyao kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa na karatasi ya kliniki mkono mmoja, na mwingine ulikuwa mtupu.